Kumlinda mtoa taarifa: kazi inaanza kabla ya simu ya kwanza

Vitabu vya uchunguzi kuhusu serikali zinavyofuatilia mawasiliano ya raia husomwa zaidi kwa ajili ya siri zilizomo. Mwandishi wa habari afaidi kingine: namna kazi yenyewe ilivyofanyika. Katika No Place to Hide (2014), mwandishi wa habari Mmarekani Glenn Greenwald anaeleza kwamba Desemba 2012 mtu asiyejitambulisha alimwomba aweke PGP, programu ya kufunga barua pepe kwa siri ili asome mlengwa tu. Akaahirisha, kwa kuwa usakinishaji ulikuwa na hatua nyingi na yeye alikuwa na kazi nyingine. Mtu huyo alikuwa Edward Snowden, aliyevujisha nyaraka za siri za NSA, shirika la kijasusi la Marekani, na ikabidi amtafute mtu mwingine, mtengenezaji wa filamu Laura Poitras. Habari kubwa kiasi hicho ilikaribia kumpita kwa uvivu wa kuweka programu. Anayechimba habari za zabuni za halmashauri au ushuru wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ajiandae kabla hajapigiwa, maana mtoa taarifa hatamsubiri.

Habari ya kwanza iliyotokana na nyaraka za Snowden, Juni 2013, haikuhusu maneno ya watu. Ilihusu amri ya mahakama iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon kukabidhi rekodi za nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Anza hapo. Watoa taarifa wengi hawaumbuliwi na walichosema. Wanaumbuliwa na rekodi kwamba walizungumza na wewe.

Simu

Kila simu ya kawaida huacha kwenye mtandao namba zote mbili, saa, sekunde zilizotumika, mnara uliohudumia na IMEI, yaani namba ya kifaa chenyewe (bonyeza *#06# uione, simu ya laini mbili huwa nazo mbili). Ndiyo maana kununua laini mpya na kuiweka kwenye simu ileile hakufichi kitu. Hata ukiiweka kwenye kitochi, ukatembea nacho pamoja na simu janja yako kutoka Igoma hadi Nyegezi, namba mbili zinahama mnara hadi mnara zikiongozana. Isitoshe, laini husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na kutumia laini ya jina la mtu mwingine ni kujitafutia kesi bure. Piga *106# uhakikishe namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni zako kweli.

Kwa hiyo usihangaike na laini ya siri. Punguza simu. Akikupigia mara ya kwanza, usimhoji. Mwambie mtaonana, kata. Yanayofuata yaende ana kwa ana au kwa Signal, programu ya ujumbe uliofungwa, iliyopangwa hivi kwa pande zote mbili: kwenye faragha, namba yako isionekane na yeyote wala mtu asikupate kwa namba, mtumie majina ya utumiaji, ujumbe ujifute baada ya siku moja pakiwa na nyaraka, wiki moja kwa mazungumzo ya kawaida, kufuli ya usajili (PIN inayozuia mtu mwingine kusajili namba yako) iwashwe, arifa zisionyeshe jina wala maneno skrini ikiwa imefungwa. Mkionana, linganisheni uso kwa uso namba za usalama, zile Signal inazoonyesha kwa kila mazungumzo ili mjue hakuna mtu katikati. Ni dakika moja tu.

WhatsApp nayo hufunga maneno, ila ina mianya miwili inayosahaulika. Nakala rudufu huenda Google Drive bila kufuli ya kutosha mpaka mwenyewe uwashe nakala iliyofungwa kwa nywila. Na kuna "vifaa vilivyounganishwa": muombe mtoa taarifa afungue orodha hiyo mbele yako. Si ajabu kukuta kompyuta ya ofisi aliyoiunganisha zamani ili achapishe picha, na bado iko wazi, kila meseji inaingia huko.

Nauli

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anatoka Sengerema, unamtumia nauli kwa simu. Jina lako, jina lake, kiasi, tarehe na saa vimeshawekwa kwenye rekodi, na meseji ya muamala imebaki kwenye simu yake mkewe au bosi aione. Aje kwa hela yake, umrudishie taslimu mkionana. Irudishwe nauli na si zaidi. Ukilipia taarifa, umempa mwanasheria wa upande wa pili silaha.

Kuonana

Chagua mahali ambapo yeye ana sababu ya kuwapo hata usingekuwapo wewe: Mwaloni asubuhi, stendi ya Nyegezi, foleni ya benki. Mgahawa mtulivu wa Capri Point ni mzuri kwa chakula, ila muhudumu atawakumbuka. Ukerewe ni kugumu zaidi, kwa kuwa mgeni akishuka Nansio habari zinamtangulia. Asubiri siku anayokuja Mwanza kwa shughuli zake. Asibadili ratiba, asiombe ruhusa ya ghafla kazini.

Simu iache nyumbani, imewashwa, kwenye chaji. Msizime wote wawili mkiwa mnakaribiana: namba mbili zinazotoweka saa kumi kamili eneo moja na kurudi saa kumi na mbili ni alama tosha. Kule Hong Kong, Snowden aliwataka wageni wake watoe betri au waweke simu kwenye friji ya hotelini. Simu nyingi za sasa betri haitoki, na mama lishe hatakupa friji lake.

Karatasi

Mwaka 2017 tovuti ya The Intercept, ambayo Greenwald na Poitras ni miongoni mwa waasisi wake, ilipokea hati ya siri ya shirika la kijasusi la NSA. Ili kuihakiki, nakala yake ilionyeshwa kwa serikali. Wachunguzi wakaona alama za mkunjo, wakajua imechapishwa na kubebwa. Wakakagua waliowahi kuichapisha: watu sita. Mmoja, Reality Winner, alikuwa amewasiliana na tovuti hiyo kwa barua pepe kupitia kompyuta ya kazini. Alihukumiwa miezi 63 jela.

Kabla ya kupokea karatasi, muulize mwenye nayo: nakala ziko kwa nani? Ilichapishwa kwenye mashine ipi? Ina mhuri wa kupokelewa, sahihi, au maandishi ya kalamu pembeni? Wakiwa watatu tu walioigusa, usichapishe hata sentensi yake neno kwa neno. Printa nyingi za leza za rangi huweka vidoa vya njano visivyoonekana kwa jicho, vyenye namba ya mashine na tarehe. Kwa hiyo usimpelekee afisa habari wa ofisi unayoiandika picha wala skani. Andika hoja upya kwa maneno yako, umuulize kuhusu hoja.

Picha ya simu hubeba mahali na saa ilipopigwa. WhatsApp ikiituma kama picha huvua taarifa hizo. Ikitumwa kama faili, zinabaki. Zima mahali kwenye kamera kwanza. Kisha tazama kingo za picha: kitambaa cha meza, kucha yenye rangi, pete. Mwenzake wa ofisini ataitambua pete hiyo kabla ya polisi.

Kinga bora kuliko zote ni njia ya pili ya kufika palepale. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huwasilishwa bungeni kila Aprili. Tafuta halmashauri yako humo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 kukujibu. Ila usiombe hati kwa kichwa chake kamili na namba ya kumbukumbu, hapo umeshawaambia kwamba umeiona. Omba kwa upana: mikataba yote ya ukusanyaji ushuru wa mialo kwa mwaka fulani wa fedha.

Ukiitwa

Katiba inalinda faragha (ibara ya 16) na uhuru wa mawasiliano (ibara ya 18). Papo hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi uwezo wa kupekua na kuchukua vifaa. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alishtakiwa baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. VPN, programu ya kuficha unakopita mtandaoni, nayo isikupumbaze: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliagiza wanaoitumia wajitambulishe.

Kwenye daftari usiandike herufi za mwanzo za jina lake. Tumia jina lisilohusiana naye kabisa, lisiwe hata la kabila wala kijiji chake. Simu ifunguke kwa namba sita au zaidi, bila alama ya kidole, na uizime kabla ya kufika kituoni. Namba ya wakili iwe kwenye karatasi mfukoni. Usifute chochote baada ya kuitwa. Hilo linaweza kuwa kosa jingine. Kufuta ni kazi ya kipima muda, tangu mwanzo, kila siku.

Siku habari inatoka, usimpigie kumpongeza. Mkubaliane mapema kwamba yeye ndiye atakayekutafuta, na si kabla ya wiki mbili.