Kadi iliyoandikwa "hapimiki": jinsi ya kumpima macho mtoto mwenye ulemavu wa akili

Neno hilo nimelikuta kwenye kadi nyingi za watoto hapa Pemba, na baadhi ya kadi niliziandika mimi mwenyewe. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 9 mwenye sindromu ya Down. Nilimwekea chati ya E (mtoto huonesha kwa mkono E imeelekea wapi) mita 6, akacheka, akageukia dirishani. Nikaandika "hapimiki". Miaka miwili baadaye akapimwa vizuri, akakutwa na uoni wa karibu wa −8, yaani vya mbali havioni vizuri bila miwani kali. Miaka yote hiyo skuli walimwita mkaidi kwa sababu hatazami ubaoni.

Hatua ya 1: Mzungumze na mama. Usimuulize "anaona?" Atakujibu "anaona, si ananifuata?" na mazungumzo yameisha. Muulize: ukiingia kimya, bila kusema neno wala bangili kulia, anakujua? Akishuka ngazi anapapasa kwa mguu? Karafuu ikidondoka sakafuni anaiokota? Na ikidondoka jamvini? Akila, anamaliza sahani yote au upande mmoja unabaki?

Mama mmoja aliniambia mwanawe hapendi wali. Nikamuomba alete chakula chake pale pale kituoni. Wali mweupe, sahani nyeupe. Mtoto akapapasa ukingo, akaacha. Tukahamishia kwenye bakuli la buluu iliyokoza, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye wali. Sijashika hata tochi, na tayari nina jambo la kuandika: kitu kisichotofautiana rangi na kilipowekwa, huyu hakioni.

Uliza pia dawa. Dawa za kifafa huwalegeza baadhi ya watoto, basi mpange saa aliyochangamka. Mimi hupenda saa 3 asubuhi, ameshakunywa chai.

Hatua ya 2: Mkalishe. Mwenye mtindio wa ubongo (ubongo hauongozi misuli vizuri) anayepigana na shingo yake hana nguvu iliyobaki ya kutazama. Mpakate, au mama ampakate, kichwa kiegemee kifuani. Zima redio, ondoa wanaochungulia mlangoni (watakuwapo).

Hatua ya 3: Mwanga. Punguza mwanga wa chumba, tazama mboni zote mbili kwa ofthalmoskopu (kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya jicho) kutoka urefu wa mkono. Unatafuta wekundu unaolingana. Ukiona weupe, acha mengine yote: huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani ya ndani ya jicho, na rufaa ni siku hiyo hiyo. Kisha angalia nukta ya mwanga inakaa wapi kwenye kila jicho. Isipokaa mahali sawa kwenye macho yote mawili, shuku makengeza.

Hatua ya 4: Chagua kipimo anachokiweza yeye. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Anza na macho yote mawili wazi, ndipo uzibe moja, kwa kiganja cha mama. Akikubali kuzibwa jicho la kulia lakini akapiga kelele kwa hasira ukiziba la kushoto, amekwishakujibu: hilo la kushoto ndilo analolitegemea.

Asiyejua herufi mpe picha za Lea (tufaha, nyumba, mraba na duara) kwa mita 3, akiwa na kadi ya kulinganishia mapajani. Si lazima ataje, aguse tu iliyo sawa. Lile tufaha watoto wetu huliita moyo, embe, hata shokishoki. Mwache, muradi asibadilishe jina katikati.

Asiyeweza kulinganisha, tumia kadi za Cardiff kwa mita 1. Picha iko juu au chini ya kadi, na mistari yake inazidi kuwa myembamba kadi hadi kadi. Wewe usiangalie ipo wapi. Tazama macho ya mtoto, sema "juu" au "chini", ndipo ugeuze kadi uhakikishe. Ukijua jibu mapema utaona unachotaka kukiona.

Na subiri. Kuna watoto ambao macho yao ni mazima ila ubongo hausomi vizuri kinacholetwa. Hili ni la kawaida kwa wenye mtindio wa ubongo, hasa waliozaliwa njiti. Mwenzangu alikuwa akionesha kadi, anahesabu mpaka tatu, anaondoa. Mimi huhesabu kimoyomoyo mpaka 20. Wengine hutazama, kisha hugeuza uso ndipo wanyooshe mkono. Si kwamba hawataki. Kitu kinachotikisika hukiona upesi kuliko kilichotulia. Wengi wao hawaoni vizuri upande wa chini, basi leta kitu cha kuchezea polepole kutoka nyuma yake, kila upande, na kutoka chini pia.

Hatua ya 5: Kuona karibu. Usiiruke kwa mwenye sindromu ya Down. Wengi wao jicho halijivuti ipasavyo kutazama karibu, hata wakiwa wadogo, na miwani ya lenzi mbili huwasaidia sana darasani.

Hatua ya 6: Dawa ya matone, mwisho kabisa. Akishalia, siku imekwisha. Saiklopentoleti ya 1%, inayolegeza jicho lisijivute wakati wa kupima, huhitaji dakika 30 hadi 40, na macho meusi kama yetu huweza kuchelewa zaidi. Mwenye kifafa au jeraha la ubongo shauriana na daktari kabla. Dawa hii huweza kumvuruga. Ndipo upime kwa retinoskopu, kifaa cha mwanga kinachoonesha miwani anayohitaji, ambacho hakihitaji mtoto aseme lolote.

Hatua ya 7: Andika. Kipimo gani, umbali gani, saa ngapi, alikaa vipi, alifanya nini. Mwalimu hana kazi na namba zako. Mwandikie kwa maneno. Kadi ya yule wa wali nimeiandika hivi: "Bakuli la rangi iliyokoza. Kitu kimoja kimoja mezani, si vingi. Mwite jina kabla hujamgusa. Kipimo kirudiwe baada ya miezi 3, asubuhi."