Matairi Yaliyochakaa na Safari ya Mbeya: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka

Desemba ikikaribia, mtu mwenye gari dogo hapa Dar es Salaam hulizunguka gari lake jioni, akalipiga tairi teke, kisha akajiuliza: haya yatanifikisha Mbeya na kunirudisha? Teke halijibu swali hilo. Tairi lenye upepo pungufu huweza kurudisha teke sawasawa na lililojaa vizuri, na nyuzi zilizokatika ndani ya ubavu hazisikiki kwa kiatu.

Naandika haya kwa sababu tairi langu la nyuma kushoto liliwahi kupasuka saa saba mchana karibu na Ruaha Mbuyuni, gari likiwa na watu watano na mizigo hadi kwenye kioo cha nyuma. Kashata zake, yaani vipande vya raba vinavyogusa lami, zilikuwa bado nene. Mwezi mzima kabla ya hapo lilinipeleka kazini na kunirudisha bila kudai hata upepo. Tulisimama salama kwa rehema za Mungu, na tangu siku ile siamini tena kwamba tairi linaloenda vizuri mjini limeshafaulu mtihani wa safari.

Mjini tairi halipimwi. Ukitoka Mbezi kwenda Posta unatembea, unasimama kwenye foleni, unatembea tena, mara nyingi uko peke yako garini. Barabara ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, gari limejaa, mwendo ni mkubwa, na saa nyingi hakuna kupumzika. Kila tairi linapozunguka, ubavu wake hujikunja pale unapogusa lami kisha hujinyoosha. Kule kujikunja huzaa joto. Mzigo ukiongezeka, upepo ukipungua au mwendo ukizidi, joto nalo hupanda, na raba iliyozeeka huanza kuachana na nyuzi na waya zilizo ndani yake.

Safari hii ina jambo jingine la kuzingatia. Asubuhi na mchana unapita joto: Chalinze, Morogoro, kipande cha kilomita kama 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kisha bonde la Ruaha lenye mibuyu ambako lami huwaka kama kikaango. Ukishapanda mlima wa Kitonga, hali ya hewa inabadilika. Iringa kwenda Makambako na Mbeya ni Nyanda za Juu, na mwezi wa kumi na mbili mvua zake zimeshaanza. Kwa hiyo tairi moja linakutana na jua na maji ndani ya siku moja. Kwenye maji kinachokuokoa ni kina cha mifereji. Kwenye joto ni umri wa raba na upepo uliojaza. Ndiyo maana huwezi kuangalia kimoja ukaacha kingine.

Tuanze na mifereji. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo, haizidi sana kiganja cha mkono, na kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya kiganja hicho ili raba ishike lami. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Chungulia ndani ya mifereji mikuu utaona vinundu vidogo vya raba vinavyokatiza. Hivyo ni alama ya kiwanda, vimewekwa kwenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikishalingana navyo, tairi limeisha. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeiweka milimita 1.6 kuwa kiwango cha chini kabisa kisheria.

Lakini usisubiri kufika huko ndipo uende Mbeya. Kwa safari ya msimu wa mvua mimi naishia milimita 3. Chini ya hapo uwezo wa kutoa maji unakuwa umeshuka sana, na gari linaweza kuelea juu ya maji, usukani ukawa mwepesi ghafla kama haujaunganishwa na kitu. Kupima hakuhitaji kifaa. Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji hadi igote chini, weka alama kwa ukucha usawa wa kashata, kisha ipime kwenye rula ya mtoto wa shule. Pima ndani, katikati na nje ya kila tairi, maana tairi huweza kuwa zima upande unaouona na kuwa kipara upande uliojificha chini ya gari.

Ukikuta uchakavu usiolingana, tairi linakueleza ugonjwa wa gari. Kuliwa pande zote mbili, katikati kukiwa kuzima, ni kutembea na upepo mdogo muda mrefu. Kuliwa katikati ni upepo kuzidi. Kuliwa ukingo mmoja ni wili alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) imeharibika au bushi, zile raba za maungio chini ya gari, zimekufa. Kuliwa kwa mabonde mabonde ukizungusha mkono, mara nyingi ni shokapu. Hapa watu wengi hukosea: wananunua matairi mapya, wanaacha ugonjwa ule ule, na baada ya miezi michache mapya nayo yameliwa. Rekebisha kwanza, au angalau siku ile ile.

Sasa umri, na hapa naomba usome taratibu, maana ndipo nilipoponea chupuchupu. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT. Mwisho wa mfululizo huo kuna namba nne. Ukikuta 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba hizo huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo huenda ukalazimika kuingia na tochi chini ya gari. Ukikuta namba tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, wala usiendelee kulifikiria. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10 tangu litengenezwe, hata likionekana zima, pamoja na spea. Langu lililopasuka lilikuwa na miaka 11. Lilikuja na gari kutoka Japani na sikuwahi kuinama kusoma namba.

Kwa jua letu, na kwa magari yanayolala nje mwaka mzima, mimi nikikuta miaka 7 na tayari kuna nyufa ndogo ndogo chini ya kashata au ubavuni, sibebi familia juu yake. Hiyo ni hukumu yangu, si sheria. Raba iliyozeeka huwa ngumu. Ukiibonyeza kwa ukucha haiingii, inateleza kama kipande cha plastiki.

Magari yetu mengi huletwa kutoka Japani yakiwa na matairi yake, na baadhi yake ni ya theluji. Angalia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS au SNOW, au pamechorwa mlima wenye chembe ya theluji ndani. Kashata zake huwa nene na zenye vijimkato vingi vyembamba, na kwa jicho la haraka utayasifia. Lakini raba yake ni laini, imetengenezwa kwa ajili ya baridi. Kwenye lami ya moto hulika upesi, na breki yake si ya kutegemea. Hayo ondoa, yawe na kashata kiasi gani.

Kuna mambo ambayo hayahitaji kupimwa. Uvimbe ubavuni, hata wa ukubwa wa ndimu, ni nyuzi zimekatika ndani, na hakuna fundi wa kuuponya. Waya zikionekana, ni hivyo hivyo. Pancha ya ubavuni haizibwi. Na tairi kipara lililochongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto lisiguse gari lako dogo. Yule aliyelichonga amepunguza raba ile ile iliyokuwa imebaki kulinda nyuzi.

Ukishakagua, hesabu ya fedha inakuja. Ukiweza manne, nunua manne. Ukiweza mawili tu, nunua mawili mapya badala ya manne ya mtumba ambayo hujui yalipita kwenye mashimo gani. Na hayo mawili yafunge nyuma. Najua fundi atakubishia, atakwambia gari lako linavuta kwa mbele, kwa hiyo mapya yakae mbele. Mwambie kwa upole kwamba matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari huenda moja kwa moja, na ukiachia mafuta mwendo ukapungua hushika tena. Ya nyuma yakiteleza, mkia unakuzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Yale yenye kashata nzuri zaidi hukaa nyuma, gari livute kwa mbele au kwa nyuma. Lakini yale ya zamani yanayohamia mbele yawe nayo yamefaulu ukaguzi, si vipara vilivyobadilishiwa chumba. Kama gari lako huvuta kwa magurudumu yote manne, soma kitabu chake kwanza, maana mengi hayataki tofauti kubwa ya kashata.

Dukani, soma DOT hata kwenye tairi jipya. Jipya lililokaa dukani miaka mitano, tena likianikwa nje juani, umri wake umeshaanza kuliwa. Hakikisha ukubwa unalingana na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kikisema 195/65 R15, ni upana wa milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Baada ya hapo kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo. Kwa mfano 91H ni kilo 615 kwa kila tairi na mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya kile kiwanda kilichoandika. Omba valvu mpya pia. Bei yake ni ndogo, na valvu iliyopasuka huua tairi zima.

Haya yote yafanye wiki mbili kabla, si jioni ya kuamkia safari. Tairi jipya huhitaji kilomita mia mbili tatu za mwendo wa utulivu ili ngozi yake ya kiwandani itoke na lianze kushika vizuri. Pia unapata muda wa kurudi kwa fundi kama usukani unatetemeka.

Spea nayo ni tairi. Itoe, isome umri, ijaze upepo, maana pale Ruaha Mbuyuni yangu ilikuwa imelala kabisa na tulisubiri saa mbili na nusu. Jaribu jeki na spana nyumbani kwa mikono yako. Nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo mara nyingi hazifunguki kwa spana fupi, na ni heri ukalijua hilo uani kwako. Weka pia pembetatu za kuakisi mwanga.

Na kama matairi hayafai na fedha haijapatikana, liache gari. Mabasi ya Mbeya yanatoka pale Stendi ya Magufuli. Kupanda basi mwaka huu si aibu, na watoto watafika kwa bibi yao vile vile.

Asubuhi ya safari, pima upepo kabla gari halijatembea, matairi yakiwa ya baridi. Fuata namba ya kibandiko cha mlangoni kwa gari lililojaa, si ile ya juu kabisa iliyochongwa ubavuni mwa tairi. Njiani upepo utapanda kwa sababu ya joto, hiyo ni kawaida, usiupunguze. Ukifika Chalinze, kilomita kama 100 hivi kutoka Dar, simama. Kaza nati za magurudumu yaliyofunguliwa karibuni, kisha pitisha kiganja karibu na kila tairi. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, lina upepo mdogo, au breki yake inashika, na mafundi wa Chalinze wako hapo hapo barabarani.