Jinsi ya Kupima Iwapo Kemikali Zinazoiga Estrojeni Hugusa Ukarabati wa DNA

Mwanafunzi wa Dodoma anayetaka kujua kama bisfenoli A, ambayo hutumika kutengenezea plastiki ngumu na huiga homoni ya estrojeni, huathiri vimeng'enya vya kukarabati DNA katika seli za saratani ya matiti, asianze na vimeng'enya. Aanze na vyombo vyake. Mwaka 1991 Ana Soto na wenzake wa Boston walieleza jinsi seli zao zilivyokuwa zikiongezeka bila kupewa homoni yoyote, kumbe nonilifenoli, kemikali nyingine inayoiga estrojeni, ilikuwa ikitoka kwenye mirija ya plastiki ya maabara. Kwa hiyo maji yaliyokenekwa yahifadhiwe katika chupa za kioo, wala si katika dumu lililoshinda juani. Na kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu uthibitishwe kwa kipimajoto cha nyuzi 121, kwani geji ya mgandamizo peke yake hudanganya.

Rangi ya fenoli nyekundu, ambayo huwekwa kwenye chakula cha seli ili kuonyesha asidi, nayo huiga estrojeni kwa kiasi. Tumia chakula kisicho nayo, pamoja na seramu iliyosafishwa kwa mkaa ili kuondoa homoni, na uziache seli za MCF-7, ambazo ni za saratani ya matiti na zina kipokezi cha estrojeni (protini inayoipokea homoni hiyo), humo kwa siku 3 kabla ya kuzipa dozi.

Yaandae makundi manne: lenye ethanoli tupu isiyozidi asilimia 0.1, lenye estradioli, estrojeni ya asili ya mwili, nanomola 1, lenye bisfenoli A kuanzia nanomola 1 hadi mikromola 10, na lenye bisfenoli pamoja na fulvestranti, dawa inayozuia kipokezi cha estrojeni. Masafa hayo ni mapana kwa sababu bisfenoli hushika kipokezi kwa udhaifu mkubwa kuliko estradioli, na dozi ndogo haifuati kila mara mwelekeo wa dozi kubwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona RAD51, protini ya kukarabati DNA, imeongezeka, huandika kwamba ukarabati umeimarika, ilhali seli inayonakili DNA yake ili igawanyike huwa nayo kwa wingi, na estrojeni huchochea mgawanyiko. Wingi wa PARP1 au OGG1, vimeng'enya vya ukarabati, nao hauelezi kazi. Basi pima kwanza hatua ya mgawanyiko. Kisha zijeruhi seli kwa haidrojeni peroksaidi juu ya barafu, zioshe, uzirudishe kwenye joto la nyuzi 37, na uchukue sampuli baada ya dakika 0, 30, 60 na 120. Ziweke katika jeli, mwanga ukiwa hafifu, na upitishe umeme: DNA iliyokatika hujivuta kama mkia wa nyota, na mkia unaochelewa kufupika ndio dalili ya ukarabati uliozorota.

Rudia yote kwa seli za MDA-MB-231, nazo za saratani ya matiti lakini zisizo na kipokezi cha estrojeni cha alfa. Mkia ukichelewa huko pia, na fulvestranti isibadilishe kitu kwa MCF-7, njia ya kemikali hiyo haipiti kwenye kipokezi hicho.