Kumjengea Sulkata Chumba cha Joto Uani, Hatua kwa Hatua

Usipashe joto banda zima. Pasha joto sanduku fupi lililomo ndani ya banda.

Ukitaka kuteketeza pesa za umeme na bado kobe aamke na mafua, nunua kibanda cha bustani cha futi 6 kwa 8, weka hita katikati, funga mlango ukalale. Hewa ya moto hupanda. Kipima joto ulichokitundika usawa wa macho yako kitasoma nyuzi 28 huku sakafuni, alikolala mwenyewe, hazizidi 15. Kobe haishi usawa wa macho yako.

Maelezo haya ni ya sulkata, kobe wa ukanda wa Sahel kuanzia Senegali hadi Sudan na Ethiopia. Marekani huuzwa akiwa kifaranga anayeenea kiganjani, na dume akikomaa hufika kilo 40 na kuendelea. Yeye halali usingizi wa miezi ya baridi kama kobe wa Ulaya. Kwao hakuna baridi ya kumfundisha hilo. Akikaa kwenye baridi wiki kadhaa, chakula hakimeng'enyeki, kinga ya mwili hushuka, na mapafu ndiyo hutangulia kuumwa. Vipimo nimevipanga kwa Dallas, Texas, na miji jirani: volti 120, mbao kwa futi na inchi, joto kwa nyuzi za Selsiasi. Kobe wa madoadoa wa nyika za Afrika Mashariki akifugwa huko huhitaji chumba kilekile. Aliye Zanzibar apite tu: kobe wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni Shelisheli, hulala nje mwaka mzima.

Hatua ya 1: Mahali

Juu kidogo, maji yasituame. Mlango uelekee kusini. Weka kokoto inchi 4, sawazisha, panga matofali ya saruji, kalisha banda juu yake.

Hatua ya 2: Sanduku

Ndani ya banda la futi 6 kwa 8, jenga chumba cha kulala chenye upana wa futi 4, urefu wa futi 6 na kimo cha futi 2 na nusu, kikigusa ukuta wa mbele ili mlango wake utoke moja kwa moja nje. Nafasi inayobaki ni yako: majani makavu, toroli, swichi na soketi, vyote mbali na kobe.

Fremu ni mbao za inchi 2 kwa 2. Kila upande, pamoja na sakafu na dari, una tabaka tatu: plaiwudi ya nusu inchi nje, foamu ngumu ya inchi 2 yenye karatasi ya alumini katikati, plaiwudi ya nusu inchi ndani. Isipokuwa plaiwudi ya ndani ya sakafu: hiyo iwe ya robo tatu inchi, maana nusu inchi itapinda. Dari ifunguke kwa bawaba kama kifuniko cha sanduku la nguo, la sivyo kusafisha kutakuwa adhabu na siku kobe akiugua utamtoa kwa kutambaa. Ukingo wa kifuniko ubandikwe utepe wa mpira wa kuziba hewa.

Usiruke sakafu. Wengi huweka foamu kwenye kuta na dari, wakaiacha sakafu plaiwudi tupu, kisha wakashangaa. Kobe hulala akiwa ameligandamiza tumbo chini; sakafu ya baridi humnyonya joto usiku kucha hata kama hewa juu yake ni nzuri.

Foamu isionekane popote. Kobe huuma kitu chochote cheupe au laini, na vipande vya foamu huziba utumbo. Nyufa zote zijazwe povu la kopo, likikauka likatwe kwa kisu na kufunikwa kwa silikoni au kipande cha ubao. Rangi iwe ya maji, makoti mawili, iachwe wiki nzima kifuniko kikiwa wazi. Mbao na maranda ya mwerezi mwekundu hapana kabisa: ile harufu unayoipenda ni mafuta yanayowasha mapafu yake.

Foamu ina maana gani kwa hesabu? Sanduku hili lina eneo la mita za mraba karibu 9 kwa jumla ya pande zake. Kwa foamu ya inchi 2, usiku wa nyuzi 3 chini ya sifuri linahitaji takriban wati 110 kubaki kwenye nyuzi 27. Banda zima, hata likivishwa foamu hiyohiyo, lingetaka wati 300. Banda zima la mbao tupu lingetaka zaidi ya wati 2,000, yaani soketi moja ya kawaida ya volti 120 isingelimudu.

Hatua ya 3: Mlango

Uwazi wa upana wa inchi 24 na kimo cha inchi 20. Unaonekana mkubwa kwa kobe ulionaye leo. Mpimie kobe wa miaka kumi ijayo. Kizingiti kisizidi inchi 2, na mteremko wa kupandia uwe mrefu, futi moja ya kimo kwa futi sita za urefu, ukigongelewa vijiti vya mbao ili asiteleze. Kobe wa kilo 45 akipinduka chali kwenye ngazi yako usiku, asubuhi unaweza kumkuta amekufa.

Mchana mlango ni pazia la plastiki la vipande, kama lile la mlango wa chumba cha barafu. Vipande vipandane nusu kwa nusu. Visipopandana, hesabu yote ya hapo juu ni bure. Usiku unafunga mlango halisi wa ubao wenye foamu, kwa komeo la nje. Komeo liwe la chuma na skrubu ndefu. Sulkata hujifunza kusukuma, na akishajifunza hasahau. Usihangaike kutoboa matundu ya hewa, kwani kinachopenya mlangoni kinamtosha.

Hatua ya 4: Umeme hadi bandani

Mwite fundi umeme. Mwambie unataka waya kwenye bomba la PVC lililozikwa inchi 18, na soketi ya aina inayokata yenyewe umeme unapovuja. Waya wa kuunganishia wa rangi ya chungwa uliotandazwa kwenye majani si suluhisho la miezi minne.

Hatua ya 5: Chanzo cha joto

Paneli za joto za darini, mbili, wati 160 kila moja. Ni sahani bapa za umeme zinazofungwa kwa skrubu na kumwaga joto chini kwa upana. Msimamo wangu hapa hauyumbi, na sababu ni hizi.

Balbu za joto humuunguza kobe mkubwa. Mgongo wake ni kuba: kilele kiko karibu na balbu, mbavu ziko mbali. Duara dogo juu ya gamba huungua na kukauka huku mwili ukibaki baridi, naye hahisi upesi kwamba anaungua, hivyo haondoki. Juu ya hayo, balbu ya wati 150 ikidondoka kwenye majani makavu ni moto, na mabanda ya kobe huteketea kwa njia hii.

Mkeka wa joto wa kulalia ni mzuri kama nyongeza, lakini usifunikwe kwa majani: joto hunaswa chini ya tumbo.

Hita ya umeme yenye mafuta ndani inapendwa sana, na kwa banda kubwa lenye nafasi inafaa. Watengenezaji hutaka iwe futi 3 kutoka kitu chochote kinachoweza kuwaka, na sanduku la futi 4 kwa 6 halina nafasi hiyo. Ukiitumia kwenye banda kubwa, chagua yenye vitufe vya kuzungusha. Zile za skrini ya kidijitali, themostati (swichi inayowasha na kuzima umeme kulingana na joto) ikikata umeme, zinazimika, na umeme ukirudi hazijiwashi. Utaikuta imekufa alfajiri, ukidhani imeungua.

Hatua ya 6: Themostati

Hapa ndipo saa zinapopotelea, na hapa ndipo kobe wanapokufa.

Kumbuka kwanza kwamba ubora wa sanduku lako umegeuka hatari. Kwa hesabu ileile, paneli moja ya wati 160 ikiwaka bila kuzimika hupandisha joto la ndani nyuzi kama 45 juu ya joto la nje. Usiku wa nyuzi 2 hiyo ni 47 ndani. Kwenye banda bovu lenye nyufa themostati ikiharibika ni hasara ya umeme tu. Kwenye sanduku zuri ni tanuri.

Kwa hiyo zinahitajika themostati tatu. Kila paneli ina yake: ya kwanza iweke nyuzi 28 (Farenhaiti 82), ya pili 26. Usiku wa kawaida ya kwanza inatosha. Baridi ikizidi, au paneli ya kwanza ikifa, ya pili inaingia kazini. Ya tatu ndiyo mlinzi: inakaa kabla ya hizo mbili, ukutani kwenye soketi, na zote mbili zinachomekwa kupitia kwake. Mlinzi mweke nyuzi 34. Hatakiwi kukata kamwe. Siku akikata, jua mojawapo ya zile mbili imekwama. Kabla ya kununua, soma wati zilizoandikwa nyuma: nyingine za wanyama hubeba wati 100 tu. Mlinzi anabeba paneli zote mbili, wati 320, basi mpe wa 600 na kuendelea.

Sasa kihisi, ile ncha ya waya wa themostati inayopima joto. Kimo ni inchi 12 kutoka sakafuni, usawa wa gamba. Mahali ni katikati ya ukuta mrefu. Kikiwa karibu na mlango kinasoma upepo, paneli haizimiki, na upande wa ndani unaiva. Kikiwa chini ya paneli kinasoma joto la paneli lenyewe, kinazima mapema, na pembe za chumba zinabaki nyuzi 19. Kikigusa ukuta au sakafu kinasoma mbao badala ya hewa, na kinachelewa dakika nyingi.

Kibaya kuliko vyote ni kihisi kinachong'oka. Kobe hujisugua ukutani, waya unanasa kwenye mguu, asubuhi kihisi kiko nje kwenye mteremko. Kinasoma nyuzi 2, kinaiamuru paneli iwake milele. Kwa sababu hiyo kila kihisi kiingizwe ndani ya kipande cha bomba la PVC la inchi moja kilichotobolewa matundu mengi, kikafungwa ukutani kwa vishikizo vya chuma, na waya utoke kwa kutoboa ukuta palepale nyuma yake kuelekea upande wako. Ndani ya sanduku kusionekane hata sentimita moja ya waya. Usitegemee gundi wala utepe. Vyote huachia kwenye joto na unyevu. Kihisi cha mlinzi kiwe juu zaidi, inchi 20, na kisiwe kwenye bomba moja na vile vingine.

Mwisho weka kipima joto kisichotumia waya, cha betri, chenye king'ora, skrini yake ikiwa kando ya kitanda chako. Kengele ya chini iwe 22, ya juu 33. Kisitegemee soketi ya bandani, maana ile soketi ya usalama ikijikata usiku wa mvua, kila kitu kilichochomekwa huko kinanyamaza pamoja.

Hatua ya 7: Usiku tatu bila kobe

Washa, funga, rekodi joto la pembe zote nne kwa inchi 6 na inchi 12. Tofauti ya nyuzi 3 kati ya pembe inavumilika. Ikizidi, tafuta upepo: pitisha kiganja kilicholowa maji kwenye maungio. Kisha mjaribu mlinzi: mshushe hadi nyuzi 25 uone kama anakata kweli. Rudisha 34.

Hatua ya 8: Kumhamisha

Tandaza majani makavu inchi 3, yenye kulowa yatolewe siku hiyohiyo kabla ya ukungu. Hewa ikiwa kavu mno, weka beseni zito la maji chini ya paneli. Unyevu wenye joto haumdhuru. Unaomuua ni unyevu wenye baridi.

Hataingia mwenyewe. Atalala kwenye pembe aliyoizoea, au atachimba shimo, na shimo la udongo wa mfinyanzi wa Dallas likijaa mvua ya baridi ni kaburi. Kila jioni kabla ya jua kuzama msukume ndani, funga. Baada ya wiki moja au mbili anajiongoza. Asubuhi fungua iwapo jua lipo na nje panaelekea nyuzi 16. Mvua ya baridi ikinyesha, abaki. Akilazimika kukaa ndani zaidi ya siku chache mfululizo, mwekee taa ya mionzi ya UVB, ile ambayo angeipata juani.

Hatua ya 9: Umeme wa mji ukikatika

Februari 2021 Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, na nyumba nyingi za Texas zilikaa siku kadhaa bila umeme. Kwa baridi ile sanduku hili linataka wati 160 hivi. Jenereta ndogo inatosha, ikikaa nje mbali na banda. Jiko la mkaa au la gesi usilipeleke ndani hata kwa dakika kumi: kwenye sanduku lililozibwa hivi, hewa yake ya sumu itamaliza kobe, na wewe ukiinama kumtazama.

Bila jenereta, tumia madumu. Dumu la lita 20 la maji ya nyuzi 60, likipoa hadi 30, limetoa wati-saa 700, yaani saa nne na zaidi za usiku ule mbaya, au saa sita za usiku wa kawaida. Jikoni kukiwa na gesi, madumu mawili ya kubadilishana yanamvusha hadi asubuhi. Yafunge kwa mkanda ukutani na uyavike gunia. Akiyakuta yako huru atayasukuma hadi kifuniko kifunguke, nawe utabaki na kobe aliyelowa kwenye chumba kinachopoa. Hapo limebaki toroli, watu wawili, na bafu la nyumbani.