Mikwaruzo idaiwe kabla hujamaliza kulipa

Ukinunua gari lililotumika hapa Tanga, usikubali kuambiwa "hayo madogo, tutakurekebishia ukishalichukua." Ukishamaliza kulipa, huna cha kuwabana nacho. Lizungukeni gari mchana, juani, wewe na muuzaji: bampa lililokwaruzika, taa zilizofifia, mlango uliobonyea. Yote yaingie kwenye mkataba, pamoja na tarehe ya kumaliza kazi, na salio ulipe ukishaiona. Yadi nyingi zina fundi wao wa rangi, kwa hiyo hilo huwauma kidogo kuliko kupunguza bei.

Ila rangi iliyofura vijipele chini ya milango ni kutu, na hewa yetu ya chumvi haiisamehe. Dai ikwanguliwe hadi kwenye bati safi, isifunikwe kwa pati, ule udongo mzito wa kujazia bodi kabla ya rangi.