Baba alimwambia daktari "sijambo": kuongea na daktari wa tiba shufaa kwa video

Mara ya kwanza daktari alipompigia baba kwa video alimwamkia, "Shikamoo mzee," na baba akaitika marahaba kwa sauti ile ile ya Kibirizi, kijiji cha wavuvi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ya mtu aliyezoea kuita mtumbwi ulio mbali. Akaulizwa anaendeleaje. "Sijambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu." Dakika sita, tukaagana, dozi ikabaki ilivyokuwa. Usiku huo baba hakulala. Alikaa ameegemea ukuta mpaka adhana ya alfajiri, ameuma pindo la shuka.

Baba hakumdanganya daktari. Alijibu salamu. Sisi tunaanza na sijambo hata tukiwa hoi, yanayouma yanafuata baadaye, na kama wangekuwa chumba kimoja daktari angeuona mkono ulivyoling'ang'ania godoro. Kwenye simu aliona uso tu, tena uso wa mzee aliyevalishwa kofia safi kwa ajili ya mgeni. Kwa hiyo wewe unayeuguza, kazi yako kubwa kwenye simu hizi ni kuyafikisha maumivu upande wa pili.

Baba alikuwa na saratani ya umio. Alipata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kisha tukarudi naye nyumbani Ujiji kwa tiba shufaa, matibabu ya kutuliza maumivu na mateso mengine ya ugonjwa mzito, na wa baba ulikuwa hauponi tena. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu anayekabwa na uji humpandishi treni akajibu maswali matano.

Anza na daftari, siku tatu kabla ya simu. Andika saa aliyopewa dawa, saa maumivu yaliporudi, alichokula, kama ametapika, na siku ya mwisho aliyopata choo. Hilo la choo usione aibu, daktari ataliuliza kila mara, maana mofini, dawa kali ya maumivu, inafunga choo na karibu kila anayeitumia huandikiwa na dawa ya kulainisha. Maumivu wanataka uyape namba, kuanzia 0 hadi 10. Baba alikataa. "Maumivu yana namba?" Tukakubaliana kwa lugha yake: shwari, ziwa limechafuka, na leo mtumbwi haushuki majini. Nikamwambia daktari, mzee akisema mtumbwi haushuki, wewe andika 8 au zaidi. Tangu siku hiyo walielewana.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo tepu haikai mbali. Miguu ilipoanza kuvimba nilipima mzunguko wa mguu juu kidogo ya kifundo, kila Jumatatu, sehemu ile ile, nikaandika. Wakati wa simu nilibonyeza ngozi kwa kidole gumba, nikakiondoa mbele ya kamera ili daktari aone kile kishimo kinachukua muda gani kurudi. Vitu vya namna hiyo video inavionyesha vizuri kuliko maneno yangu.

Sasa mahali. Nyumba yetu ni ya bati, ndani mtandao unakohoa. Chini ya mwembe unashika vizuri, lakini chini ya mwembe kuna majirani, na jirani akiona simu imenyanyuliwa anakuja kusalimia daktari. Tulichofanya: simu ya mdogo wangu tuliiweka dirishani ikawa hotspoti, baba akabaki kitandani kwake. Chandarua kifunge juu. Mgonjwa aelekee dirisha, mwanga umpige usoni. Dirisha likiwa mgongoni kwake daktari anaona kivuli kinachoongea. Simu usiishike mkononi, inatetemeka na mkono unachoka. Mimi niliisimamisha kwenye kikombe cha bati kilichojaa mchele, juu ya kigoda. Chaji iwe imejaa, bando liwepo, na mpatane mapema kwamba picha ikianza kuganda mnazima video mnabaki na sauti, na ikikatika kabisa daktari anapiga simu ya kawaida. Bila hayo mtapoteza nusu ya muda kwa "haloo, haloo, unanisikia?"

Chagua saa ambayo mgonjwa ana nguvu ya kusema. Kwetu ilikuwa saa 3 asubuhi, baada ya dozi kushika. Lakini mwambie daktari hivyo waziwazi: huyu unamwona saa yake nzuri. Kisha mwombe mgonjwa, kama anaweza, ageuke au ainuke akae huku daktari akitazama. Baba alikunja uso hapo tu, sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo iliyobadilisha dozi.

Dawa zote ziwe mezani na chupa zake, usome lebo mbele ya kamera. Na uonyeshe unavyopima. Mimi nilipoteza lile bomba la kupimia, lisilo na sindano, nikawa natumia kijiko cha chai, nikijiona nimetatua. Daktari akasema, "Dada, hebu nionyeshe hicho kijiko." Nikakiinua. Akaniuliza kama vijiko vyote vya nyumbani kwetu vinalingana. Nilikwenda kabatini nikakuta vitatu, kila kimoja na ukubwa wake. Mofini ya maji baba alipewa kila baada ya saa 4, na ukikosea kipimo unakosea mara nyingi kwa siku. Dozi usiipandishe wala kuishusha kwa kichwa chako. Siku za kwanza usingizi na kichefuchefu ni kawaida. Lakini mtu akilala ukashindwa kumwamsha, au pumzi zikiwa za taratibu mno, usisubiri siku ya simu.

Wala usisubiri video kwa damu inayotoka nyingi, degedege, miguu inayokufa ganzi au kuishiwa nguvu ghafla, au maumivu yanayogoma baada ya dawa. Hayo ni ya kupeleka hospitali. Kigoma mjini tunayo Maweni.

Picha. Daktari aliomba picha ya kinywa, kulikuwa na utando mweupe ulimini. Nilipiga mchana, karibu na mlango, nikatuma. Sikumuuliza baba. Na kaka, niliyemtumia ili tu aone, akairusha kwenye kundi la familia. Baba alipojua hakusema na mtu siku nzima. Uliza kwanza, tuma kwa daktari peke yake, kisha futa.

Mwishoni omba dakika chache za kuongea na daktari wewe mwenyewe, nje, lakini mwambie mgonjwa kwamba unatoka kuongea. Akiona mnanong'ona uani anajua.

Na kuna swali ambalo hulipangi. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika. Simu ya nne, baba alimkatiza daktari: "Mwanangu, giza lijalo nitakuwepo?" Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye simu, niseme utakuwepo baba, unasema nini. Daktari akanyamaza. Kisha akamuuliza, "Kuna nini giza lijalo, mzee?" Kumbe kulikuwa na deni la nyavu, la mtu wa Katonga, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Daktari alinieleza baadaye kwamba tangu Mwingereza Cicely Saunders alipofungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, tiba shufaa inayahesabu maumivu ya mwili, ya moyo, ya familia na ya imani kama mzigo mmoja. Deni tulililipa wiki hiyo hiyo. Swali kama hilo likija, toa mkono kwenye simu, na kama mtandao umenyamaza, hakikisha kwanza ni mtandao au ni mtu.

Msiba ukitokea, mjulishe daktari, halafu dawa iliyobaki irudishe. Mofini haimwagwi chooni wala haigawiwi kwa jirani anayeumwa mgongo. Nilirudisha chupa mbili, moja haijafunguliwa. Mfamasia alipima kilichobaki, akaandika kwenye kitabu chake, akanipa nisaini.