SOMO: Kupata umri wa tabaka kwa visukuku vya makundi mawili

Kila mara naulizwa "kisukuku hiki kina miaka mingapi?" Kisukuku kimoja hakitoi umri, kinatoa mipaka tu. Mfano wangu ni udongo wa mfinyanzi wa Pande, Kilwa, unaovuka mpaka wa enzi mbili za kijiolojia, Eosini (ya zamani) na Oligosini (iliyofuata), miaka milioni 33.9 iliyopita.

1. Gawa sampuli nusu kwa nusu kabla ya kuosha.

2. Nusu moja: loweka, osha kwenye chekecho la maikroni 63, kausha, chambua foraminifera (magamba ya viumbe vidogo vya baharini vya seli moja), kundi la kwanza.

3. Nusu ya pili usiioshe. Nanofosili, kundi la pili (vibamba vya chokaa vya mwani, vidogo mno), hupita kwenye chekecho zikaenda na maji. Paka tope jembamba kwenye kioo, tazama kwa hadubini ya polaraizi.

4. Linganisha. Hantkenina, foraminifera yenye miiba, inakoma mpakani penyewe. Discoaster saipanensis, nanofosili, inatangulia kidogo kutoweka. Ukikuta ya kwanza bila ya pili, uko mkiani mwa Eosini.

5. Tafuta wageni, yaani visukuku vilivyotoka tabaka jingine. Hapa niliharibu kazi ya miezi. Niliona Hantkenina mbili, nikaandika Eosini, nikafunga daftari. Kioo cha nanofosili nilikitazama baadaye: kimejaa Sphenolithus distentus, wa Oligosini! Zile Hantkenina zilimomonyolewa kutoka tabaka la zamani zikazikwa upya. Dalili nilikuwa nazo: miiba imevunjika, rangi tofauti na wenzake. Makundi yakigombana, USIPIGE KURA. Tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko kisukuku chake kichanga zaidi, mradi hakikuingia baadaye.

MASWALI

– Mkuu, nimeweka picha ya jiwe, nipe umri.
– Hatua ya 1.

– Nimesoma, ila sina hadubini. Kadiria tu.
– Sikadirii. Peleka sampuli kwenye idara ya jiolojia iliyo karibu nawe.

– Zangu ni chenga za kuchoronga kisima. Hatua ya 5 inafaa?
– Umeuliza jambo la maana. Hapo hatari inageuka: kuta za shimo hubomoka, visukuku vichanga hudondokea chini. Kwa hiyo usiamini pale spishi inapoanzia, amini inapokomea, yaani unaposhuka, kina unachoikuta mara ya kwanza. Wageni wa zamani bado wapo, wachunguze vilevile.

– Nyongeza: chovya chekecho kwenye methilini ya buluu kabla ya kila sampuli. Chembe iliyosalia ya jana itakuwa ya buluu.
– Asante, nami hufanya hivyo. Vaeni glavu, rangi ile haitoki vidoleni upesi.